Malezi ya Rehema katika Nyumba yenye Mila Mbili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake.

Ndugu Waislamu, Unguja ni kisiwa cha damu zilizochanganyika. Katika Mji Mkongwe si ajabu kumkuta baba mwenye asili ya Hadhramaut, mama wa Makunduchi na bibi Mngazija katika nyumba moja. Hiyo ni neema, lakini katika malezi huweza kugeuka mtihani.

Niliwahi kuitwa kuwasuluhisha wazazi wa namna hiyo. Baba humchapa mwanawe bakora kila akikosa chuoni, kwani ndivyo alivyolelewa. Mama humfichia makosa, akisema kwao mtoto habughudhiwi. Kijana amejifunza jambo moja tu: kumdanganya baba na kujificha nyuma ya mama.

Kila mmoja alitetea mila ya kwao, ilhali mizani yetu si mila. Al-Aqra bin Habis, mkubwa wa Bani Tamim, alistaajabu kumwona Mtume (S.A.W.) akimbusu mjukuu wake Hasan, yeye alikuwa na watoto kumi na hakupata kumbusu hata mmoja. Mtume akambainishia kuwa asiyehurumia hahurumiwi. Na Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, alieleza katika Muqaddima kuwa ukali humzoesha mtoto uongo na hila.

Wapo watakaotaja Hadithi ya sala. Hadithi hiyo imetanguliza miaka mitatu ya kuamrisha kwa maneno, tangu saba hadi kumi, na wanavyuoni wamekataza kuumiza na kupiga uso. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, nayo inamkinga mtoto na ukatili.

Rehema si kuacha adabu. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi, hawakusema mvunje. Wazazi wakubaliane faraghani juu ya kanuni chache: sala, chuo, skuli na saa ya kurudi nyumbani. Mmoja akikataza, mwengine asiruhusu. Na bibi aelezwe kwa heshima. Mtoto akitenda jema asifiwe. Akikosa aulizwe sababu, kisha arekebishe: aliyekosa chuoni asome darsa lake kabla ya mchezo. Mzazi aliyeghadhibika atawadhe kwanza.

Yule baba alinyamaza kitambo, kisha akamwita mwanawe, akamkalisha ubavuni pake.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu kuwa vitulizo vya macho yetu. Wallahu aalam.