Buibui Nyumbani: Yupi wa Kuogopa?

Mama mpendwa, si kila buibui anastahili kupigwa kandambili. Yule bapa anayetembea ukutani usiku hula mende na wadudu wengine. Kandokando ya Ziwa Victoria yuko mdogo arukaye, ambaye huwinda mbu waliokwisha kunyonya damu, hasa wale waenezao malaria. Hao waache wakufanyie kazi.

Wa kujihadhari naye ni yule wa kahawia au mweusi, mwenye tumbo la mviringo. Yule wa kahawia ana alama nyekundu au ya rangi ya chungwa chini ya tumbo. Hujificha chini ya viti, ndoo na vyungu vya maua, katika utando uliovurugika. Mifuko ya mayai ya yule wa kahawia ina vijimiba.

Akimwuma mtoto, osha mahali hapo kwa sabuni na maji, kisha weka kitambaa cha maji baridi. Usichanje, usinyonye, wala usifunge kamba. Maumivu yakisambaa, tumbo likikaza au jasho likimtoka sana, mkimbize hospitali. Mtoto mchanga mpeleke bila kungoja dalili.

Fagia chini ya viti kila juma, na kung'uta viatu kabla watoto hawajavivaa.