Mbona Damu Yetu Inapimwa? Tujue Homa ya Ini C



Wanaokusanya damu wakifika kijijini, swali moja halikosi: "Sisi tumekuja kusaidia. Mbona tunaulizwa mambo ya ndani, halafu damu yapelekwa kupimwa tena?" Swali ni zuri. Tulijibu.

Ugonjwa usio na kelele

Homa ya ini C huletwa na kirusi kinachokaa kwenye damu na kuharibu ini polepole. Mtu anaweza kukaa nacho miaka 20 na zaidi, analima, anachunga, hana habari. Siku ya kushtuka, ini limeshakuwa na makovu au saratani. Sasa mtu kama huyo akitoa damu kwa moyo safi bila kupimwa, anaweza kumwambukiza mama aliyevuja damu akijifungua, au mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria.

Mambo haya yalitokea kweli. Kirusi hiki kiligunduliwa mwaka 1989. Nchini Uingereza, damu zote za watoaji zilianza kupimwa Septemba 1991. Kabla ya hapo wagonjwa wengi huko waliambukizwa hospitalini. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Mei 2024 ilisema sehemu kubwa ya msiba huo ingeweza kuzuiwa.

Damu hupimwa nini?

Hapa Kenya damu iliyotolewa hupimwa mambo manne kabla ya kupewa mgonjwa:

1. Virusi vya UKIMWI
2. Homa ya ini B
3. Homa ya ini C
4. Kaswende

Damu ikionekana na moja ya hayo, haipewi mgonjwa.

Basi maswali ni ya nini?

Kipimo cha kawaida cha homa ya ini C hutafuta askari ambao mwili huwatengeneza kupigana na kirusi. Askari hao huchukua kama miezi 2 au 3 kuonekana. Aliyeambukizwa juzi anaweza kupimwa akaonekana mzima, kumbe damu yake ina kirusi. Pengo hilo huzibwa na ukweli wako. Ukiulizwa kama umechomwa sindano iliyotumika, umechanjwa kwa wembe wa watu wengi au umechorwa mwilini karibuni, usifiche. Kusema "leo sitoi" si aibu. Huenda umeokoa mtu.

Ukiambiwa kuna shida

Wengine wakiitwa na kituo cha damu hutoroka. Usitoroke! Kipimo cha kwanza chaonyesha tu kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi. Watu wengine hupona wenyewe. Kuna kipimo cha pili kinachotafuta kirusi chenyewe. Kikipatikana, siku hizi kuna vidonge vya kumeza kwa wiki 8 hadi 12, na zaidi ya watu 95 kwa kila 100 hupona. Chanjo ya C bado haipo. Ile tunayosikia ni ya homa ya ini B.

Nasi kikundini tusimtenge mwenzetu. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kusalimiana, kula sahani moja wala kukaa pamoja. Hupitia damu. Kwa hiyo kila mtu awe na wembe wake. Visu vya tohara na vyombo vya kutoboa masikio visitumiwe kwa mtu wa pili kabla ya kusafishwa kwa njia inayoua viini. Kuvipangusa kwa kitambaa hakutoshi.

Mjadiliane katika kikundi

- Ni nini hutufanya tuogope kurudi kuchukua majibu?
- Mwenzetu akiambiwa asitoe damu, tutamsaidiaje bila kumsema?
- Hapa kwetu nyembe na sindano hushirikiwa wapi? Nani atazungumza na wahusika?

Damu haina kiwanda. Hutoka kwa mtu ikaenda kwa mtu. Tutoe, lakini tutoe iliyo salama.