Manukato ya Mgando Yasiyo na Nta ya Nyuki: Mahali Pake Pamewekwa Nini?

Manukato ya mgando, yale yanayouzwa katika kikopo kidogo na kupakwa kwa ncha ya kidole, hutengenezwa kwa vitu vitatu: nta, mafuta na harufu. Nta ndiyo inayoshikilia viwili vingine. Bila nta mafuta yangemwagika, na harufu ingeondoka mapema zaidi. Kwa kuwa hayana spiriti wala maji, manukato haya hupendwa na wasafiri wasiotaka chupa ivuje ndani ya begi, na pia na watu ambao kwa sababu ya dini hawapendi kujipaka kitu chenye alkoholi. Mtengenezaji naye huyapenda kwa sababu hayamdai mashine. Jiko, sufuria mbili na mizani hutosha kuanzia.

Kwa desturi, nta inayotumika ni ile ya nyuki. Nchi yetu haina uhaba wake, na Tabora imejulikana kwa biashara hiyo tangu zamani. Hata hivyo wapo wanunuzi wasioitaka. Baadhi hawatumii chochote kitokanacho na mnyama au mdudu, iwe kwa imani au kwa dhamiri. Wengine wana ngozi inayowashwa na gundi ya nyuki, yaani propolisi, ambayo mabaki yake huweza kubaki ndani ya nta isiyosafishwa vizuri. Wanunuzi wa makundi hayo mawili ndio wanaoandikiwa maneno tunayoyaona kwenye vikopo: “Haina nta ya nyuki”, “Ya mimea tupu”, au neno la Kiingereza “vegan”.

Makala haya hayamwambii mtu aiache nta ya nyuki. Pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, kwa mfano, wako wakulima waliotundika mizinga kuzunguka mashamba ili nyuki wawazuie tembo wasiingie kwenye mazao. Anayenunua nta ya mkulima wa namna hiyo hana sababu ya kujilaumu. Tunachotaka kumweleza mtumiaji ni jambo moja. Maneno “haina nta ya nyuki” humwambia kisichokuwamo, nayo hunyamaza kuhusu kilichomo. Na kilichowekwa mahali pa nta ndicho kinachoamua kama manukato yatastahimili joto la bonde, kama kweli ni ya asili, na kama fedha yake imekwenda kwenye bidhaa aliyoikusudia.

Joto la Ifakara ndilo jaribio la kwanza

Mji wa Ifakara uko bondeni, na joto lake la mchana mara nyingi hupita nyuzi 30 za Selsiasi. Nta ya nyuki huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 65, kwa hiyo kikopo kilichotengenezwa vizuri hukaa mezani sokoni tangu asubuhi hadi jioni bila kulegea. Kitu chochote kinachochukua nafasi yake kipimwe kwanza kwa kigezo hicho.

Mafuta ya nazi hushindwa mara moja. Huganda pale tu joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kwa Ifakara maana yake ni kwamba kwa sehemu kubwa ya mwaka yatakuwa maji. Ni mafuta mazuri ya kulainishia, ila hayawezi kusimama peke yake.

Siagi ya kakao inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu wakazi wa bonde wanaijua kakao na huvutiwa wanapoiona kwenye lebo. Kakao hulimwa Mbingu na katika vijiji vya jirani, chini ya milima ya Udzungwa. Siagi yake ni ngumu kwa kuigusa, ina harufu yake nzuri, na huyeyuka kati ya nyuzi 34 na 38, yaani karibu sawa na joto la mwili wa binadamu. Tabia hiyo ni neema kwa chokoleti, kwani ndiyo inayoifanya iyeyuke mdomoni, lakini ni hasara kwa kikopo kinachobebwa katika mfuko wa suruali ya mwendesha bodaboda. Manukato ya siagi ya kakao bila nta yoyote yatalegea kabla ya saa saba mchana. Aidha, siagi iliyoyeyuka ikaganda tena polepole hufanya chembechembe kama za semolina, na siagi ya shea kutoka kaskazini mwa Uganda huwa na tabia hiyo hiyo. Chembechembe hizo si dalili ya kuoza. Ni dalili kwamba kikopo kimewahi kuyeyuka, na mnunuzi ana haki ya kuuliza kiliyeyukia wapi.

Kwa sababu hiyo, mtengenezaji makini asiyetumia nta ya nyuki hutafuta nta ya mmea iliyo ngumu zaidi. Inayojulikana sana ni karnauba, inayokwanguliwa kwenye majani ya aina ya mnazi wa porini huko kaskazini mashariki mwa Brazili. Huyeyuka kati ya nyuzi 80 na 86, na ni ngumu kiasi kwamba ikizidi, manukato huwa kama kiatu kilichong’arishwa: yanang’aa, lakini kidole hakichukui kitu. (Haishangazi, kwa maana karnauba hutumika pia katika dawa ya viatu.) Ya pili ni kandelila, inayotokana na mmea wa jangwa la kaskazini mwa Meksiko. Huyeyuka karibu nyuzi 70, nayo ni laini kidogo kuliko karnauba. Zote mbili hutumika kwa kiasi kidogo kuliko nta ya nyuki. Anayetengeneza nyumbani aanze na nusu ya uzito uliokuwa kwenye maelekezo ya nta ya nyuki, kisha aongeze kidogo kidogo.

Karnauba ina ugumu mwingine ambao mnunuzi huuona bila kujua chanzo chake. Kwa kuwa huganda ikiwa bado ya moto sana, mtengenezaji hulazimika kutia harufu mapema. Harufu nyepesi kama ya maganda ya chungwa au ndimu hupaa na mvuke, na zinazobaki ni zile nzito. Mtu akilalamika kwamba kikopo chake “hakinukii ndimu” kama kilivyoandikwa, huenda hakudanganywa kwa makusudi. Harufu iliishia jikoni.

Ipo pia nta ya pumba za mpunga, na hapa bonde la Kilombero linahusika moja kwa moja, maana ni watu wachache nchini wasioujua mchele wake. Nta hii huyeyuka karibu nyuzi 80, haina harufu kali, na hushika mafuta vizuri. Lakini msomaji asifikiri kwamba hutoka kwenye mashine ya kukoboa. Pumba zinazorundikwa nyuma ya mashine zetu huenda kwenye chakula cha mifugo. Ili kupata nta, pumba lazima kwanza zikamuliwe mafuta zikiwa bado mbichi, kisha mafuta hayo yasafishwe kiwandani hadi nta ijitenge. Muuzaji anayesema nta yake “ni ya pumba za hapa hapa Ifakara” aulizwe kwa upole kiwanda kiko wapi. Akikujibu kwamba nta ameiagiza kutoka nje na mafuta ndiyo ya hapa, hilo ni jibu la kweli na halimpunguzii heshima.

Katika misitu ya Milima ya Tao la Mashariki, ikiwamo Udzungwa na Usambara, kuna jamii ya miti ambayo Amani na maeneo ya jirani huitwa msambu. Mbegu zake hutoa mafuta yanayobaki magumu katika joto la kawaida la chumba, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliyaruhusu kutumika katika vyakula. Ni malighafi yenye matumaini. Bado, kama siagi ya kakao, hufaa zaidi kupunguza kiasi cha nta kuliko kuiondoa kabisa. Na mbegu zisiokotwe ndani ya hifadhi.

Kusoma lebo

Chukulia umeshika vikopo viwili, vyote vimeandikwa “Haina nta ya nyuki”. Nyuma ya kimoja yameorodheshwa mafuta ya nazi, siagi ya kakao, karnauba, harufu na vitamini E. Nyuma ya kingine yameandikwa “Petrolatum, Paraffin, Parfum”. Vyote viwili vimesema kweli. Parafini na mafuta ya mgando ya kawaida hutokana na petroli ya ardhini, si nyuki wala kondoo. Yakisafishwa ipasavyo hayana madhara kwa ngozi ya watu wengi, na mamilioni huyapaka kila asubuhi. Kosa huanzia pale kikopo cha pili kinapouzwa kwa bei ya cha kwanza, kikiwa na picha ya jani na neno “asilia”. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu asili na ubora wa bidhaa, na picha ya jani nayo ni maelezo.

Kwa kawaida viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, na majina yake mara nyingi huwa ya Kilatini. Anayeepuka nta ya nyuki atafute maneno “Cera alba” au “Cera flava”. Yote mawili ni nta ya nyuki, nyeupe na ya njano. Jina “Copernicia cerifera cera” ni karnauba, “Euphorbia cerifera cera” ni kandelila, na “Oryza sativa” likifuatana na neno “cera” ni nta ya mpunga. Maneno “nta ya mimea” yasiyotaja mmea hayatoshi.

Anayeepuka vitu vya wanyama asiishie kwenye nta. Lanolini hutokana na manyoya ya kondoo. Katika harufu zenyewe, watu wa pwani wanazijua tangu enzi ambari itokayo kwa nyangumi, miski itokayo kwa paa wa Asia, na zabadi itokayo kwa fungo. Siku hizi miski nyingi ya madukani hutengenezwa maabara, lakini neno “Parfum” kwenye lebo huweza kuficha mchanganyiko wa vitu vingi, na njia ya kujua ni kumuuliza mtengenezaji. Anayetumia mafuta ya karafuu au makonyo kutoka Pemba, langilangi ya Unguja au mchaichai wa shambani kwake hawezi kusita kusema.

Ngozi

Kuondoa nta ya nyuki hakuondoi hatari ya mzio, kwa sababu mara nyingi kinachowasha ni harufu. Mafuta ya karafuu na ya mdalasini ni makali, yawe ya asili kiasi gani. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye maganda ya ndimu au limau yana jambo la ziada: yakipakwa kwenye ngozi inayopigwa na jua, huweza kuiunguza na kuacha mabaka meusi yanayokaa kwa wiki nyingi. Manukato yenye mafuta hayo yapakwe mahali panapofunikwa na nguo. Kabla ya matumizi ya kwanza, paka kiasi kidogo sehemu ya ndani ya kiwiko, usubiri siku mbili. Mtoto mchanga asipakwe kabisa.

Katika bonde lenye mbu wengi, si ajabu kikopo cha mchaichai kuuzwa kama kinga ya mbu. Manukato ni kipodozi. Kama mtengenezaji hana uthibitisho wa madai hayo, usiache chandarua kwa ajili yake.

Unaponunua

Tangu Julai 2019 usimamizi wa vipodozi, manukato yakiwamo, uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Lebo inapaswa kuonyesha jina na anwani ya mtengenezaji, viungo, uzito halisi, namba ya toleo, na tarehe za kutengenezwa na kwisha muda. Mjasiriamali mdogo ambaye hajafika hapo si mhalifu. Anaweza kuanza kwa kupata barua ya utambulisho ya SIDO na kuomba mwongozo. Lakini mnunuzi hapaswi kulipa bei ya bidhaa iliyothibitishwa kwa ile ambayo bado.

Mwombe muuzaji akuonyeshe kikopo kilichokaa mezani tangu asubuhi, si kile alichokitoa kwenye friji. Kiguse: kinapaswa kulegea chini ya kidole baada ya kusugua kidogo, si kuzama kama siagi. Matone ya mafuta juu yake yanaonyesha kwamba nta haikutosha. Harufu ya mafuta yaliyochacha, inayofanana na karanga za zamani, inaonyesha kwamba muda umepita, hata kama tarehe ya kwenye lebo inasema vingine. Nyumbani kiweke kivulini na mbali na dirisha, na usikiache kwenye dashibodi ya gari, kwani joto la hapo huweza kuishinda hata nta ya nyuki.

Ukiamini umepotoshwa, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti. Asipokusikiliza, wasiliana nasi kwa namba iliyochapishwa kwenye jalada la nyuma, ukitaja namba ya toleo na mahali uliponunua. Usikitupe kikopo wala kubandua lebo yake, hata kama kimebaki robo. Kiasi hicho kidogo huweza kupelekwa maabara.