Mlango uliolala hushusha bei ya Land Rover kuukuu

Na Mwandishi Wetu, Arusha

MNUNUZI mzoefu wa Land Rover kuukuu mjini Arusha haanzi na injini. Husimama hatua chache pembeni ya gari, akaangalia mstari wa upenyo unaozunguka mlango wa dereva. Upenyo ukiwa mpana juu na mwembamba chini, au mlango ukihitaji kuinuliwa kidogo ndipo ufunge, tayari anayo hoja ya kupunguza bei kabla boneti haijafunguliwa.

Hoja hiyo ina uzito zaidi hapa kuliko miji mingi, kwa kuwa Arusha ni mji wa Land Rover. Oktoba 2024 mji huo uliandaa Tamasha la Land Rover, lililokusudia kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari hayo. Ingawa kampuni za utalii kwa sasa hutegemea zaidi Toyota Land Cruiser, Land Rover za zamani hazijaenda kwenye vyuma chakavu. Nyingine zimebaki kwenye utalii, nyingine ni pikapu za kubeba ndizi, maziwa na mbao kutoka vijiji vilivyo kwenye miteremko ya Meru.

Uzalishaji wa gari la aina hii, ulioanza Uingereza mwaka 1948, ulikoma kiwandani Solihull Januari 2016 baada ya magari zaidi ya milioni 2. Defender mpya iliyofuata ni gari jingine kabisa. Kwa lugha ya biashara, bidhaa imekoma lakini mahitaji yapo, hivyo anayetunza bodi vizuri anatunza mtaji. Anayeiharibu kwa matengenezo ya kulipua anaula mtaji huo, tena bila kujua, maana gari bado linawaka na kutembea.

Kinachowaponza wenye magari wengi ni kudhani kuwa mlango mbovu ni tatizo la mlango. Mara nyingi mlango ni mzima. Kilichosogea ni mahali ulipofungwa.

Ngozi ya Land Rover ni ya alumini, lakini mifupa inayoishikilia ni ya chuma. Bawaba mbili za mlango wa mbele zimefungwa kwenye nguzo ya ukuta wa chuma, ule unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Ukuta huo nao umekalia mikono inayotoka ubavuni mwa chasisi. Matope ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, hujikusanya chini ya nguzo hizo na kwenye mikono ya chasisi, yakakaa na unyevu wiki nyingi. Kutu ikila mguu wa nguzo, nguzo huanza kulala na mlango huenda nayo. Na mahali ambapo alumini na chuma vinagusana penye unyevu, alumini huliwa na kubaki unga mweupe. Unga huo ukionekana kwenye ukingo wa chini wa mlango, mwenye gari asidhani ni vumbi.

Kupima hakuhitaji mashine. Gari lisimame mahali tambarare, bila mzigo, magurudumu yakiwa na upepo sawa. Kwanza ifunguliwe ile sehemu iliyo kwenye nguzo ya nyuma ambayo kitasa huishika, ili mlango uning'inie wenyewe. Wengi huruka hatua hii, ilhali sehemu hiyo ikibaki huuinua mlango kila unapofungwa na kuficha ugonjwa. Kisha fundi aushike mlango kwenye ncha ya nyuma na kuunyanyua taratibu huku mwenzake akitazama bawaba. Mlango ukicheza wakati nguzo imetulia, pini na bushi za bawaba zimekwisha, nayo ni kazi ndogo. Nguzo nayo ikicheza, tatizo liko chini, na fedha yoyote itakayowekwa kwenye mlango itapotea.

Kipimo cha tatu ni utepe. Tundu la mlango lipimwe kwa mshazari, kona hadi kona, upande wa kushoto na wa kulia. Vipimo vikitofautiana sana, gari limepinda, pengine kwa ajali ya zamani ambayo muuzaji hakuitaja.

Baada ya hapo kazi ina mpangilio wake. Mikono ya chasisi na miguu ya nguzo huchomelewa kwanza, ukuta unarudishwa mahali pake huku milango ikiwa imening'inizwa ili ionekane inavyokaa, ndipo boliti zikazwe. Bawaba hufuata, kwani matundu ya boliti zake hutoa nafasi ndogo ya kusogeza. Kwenye magari ya zamani zaidi sehemu ya juu ya mlango, yenye kioo, imefungwa kwa boliti juu ya ile ya chini, nayo yaweza kurekebishwa peke yake. Raba mpya ziwekwe sasa, si mapema, kwa sababu raba nene husukuma mlango na kudanganya vipimo. Sehemu ya kupokea kitasa ndiyo ya mwisho. Iufuate mlango ulipo, isitumike kuuvuta.

Fundi anayeahidi upenyo wa milimita 3 pande zote asiaminiwe. Magari haya hata yakiwa mapya hayakutoka kiwandani na mistari ya namna hiyo. Kinachotafutwa ni upenyo unaofanana kushoto na kulia, na mlango unaofunga bila kupigwa teke.

Njia ya mkato inajulikana katika gereji yoyote: mlango unapindwa kwa gogo la mti, kingo zinajazwa puti, rangi inapulizwa. Gari linapendeza siku ya kulichukua. Barabara ya vumbi kama ile ya kutoka Usa River kwenda Ngarenanyuki, inakotoka nyanya, hupasua puti kwa mtikisiko, na vumbi la udongo wa volkano huingia ndani kupitia upenyo uleule.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, usiokuwa bei ya soko. Kazi ya puti iwe sh. 150,000 na gari lilale siku 2. Kazi kamili iwe sh. 400,000 kwa siku 4. Gari liwe linaingiza sh. 50,000 kwa siku baada ya mafuta. Puti itagharimu sh. 250,000 kila mara ikihesabiwa na mapato yaliyopotea, na ikirudiwa kila miezi sita inafika sh. 1,000,000 kwa miaka miwili. Kazi kamili ni sh. 600,000, mara moja. Hapo hakijahesabiwa kitasa kinachochakaa kwa kugongwa, wala hatari ya mlango kufunguka gari likiwa kwenye kona.

Kwa anayenunua, sumaku ndogo haitamsaidia kutafuta puti kwenye gari hili, kwani alumini haivutwi na sumaku. Agonge kwa kidole na kusikiliza: bati hulia, puti hunyamaza. Kisha ainamie chini ya nguzo na bisibisi, achokonoe mguu wake.

Kwa anayetengeneza, ni busara kukubaliana na fundi tangu mwanzo kwamba sehemu ya malipo ibaki mkononi hadi gari libebe mzigo kwa wiki moja. Boliti mpya hulegea kidogo katika safari za kwanza, na mlango lazima upimwe tena gari likiwa limetua na boliti zimekazwa mara ya pili.