Unapiga Maji ya Manjano Kila Asubuhi? Cheki Vile Mwili Unaimwaga

Msee, ile manjano unakoroga kwa maji moto na ndimu kila asubuhi, unadhani inaingia yote mwilini? Pole sana. Karibu yote inapita tu na kutoka.

Shida iko hivi. Kitu yenye kila mtu anasifu kwa manjano inaitwa kurkumini, na ni kama 3% tu ya huo unga. Halafu haipatani na maji. Si umeona vile unga unakaa chini ya kikombe? Tumboni ni story ile ile. Na kidogo yenye inapenya, ini linaivunja chap chap.

Ndio wasayansi wakakam na form: ibebwe na kigari kidogo cha wanga. Ndio, wanga, familia moja na ugali yako. Vigari hivi vinapimwa kwa nanomita, na unywele wako mmoja una upana wa kama nanomita 80,000. Jipime hapo.

Moja inaitwa saiklodekstrini, inatengenezwa kutoka kwa wanga. Glukosi 6, 7 ama 8 zinashikana mikono zinafanya duara, kama donati. Nje inapenda maji, ndani inayakwepa. Kurkumini inajibanza hapo kwa shimo, na ghafla inachanganyika na juisi ama maziwa bila stress.

Ingine ni kitosani, inatoka kwa maganda ya kamba wa baharini. Hii inanata kwa ukuta wa utumbo, so mzigo unapata time ya kuingia.

Lakini usikimbilie kununua. Kufikisha mzigo mwilini si kuponya ugonjwa. Na kitu ikiingia mob, hata madhara yanaweza kuingia mob. 2019, Italia ilichunguza visa vya hepatitis kwa watu waliokuwa wakitumia tembe za manjano. Kama ini lako liko na shida ama uko kwa dawa, ongea na daktari kwanza.

Kwa sasa, jikoni ya mathe iko na jibu la bei ya chini: kaanga manjano kwa mafuta na pilipili manga. Utafiti wa 1998 kutoka India ulipata kwamba piperini, ile kitu inafanya pilipili manga iwashe, iliongeza kurkumini kwa damu kwa 2,000%.

Shosh hakuwa na maabara, lakini pilau yake ilikuwa imeshachanuka.