Je, Mirihi Iliwahi Kuwa na Viumbe Hai?



Wanafunzi hutuuliza: je, ni makosa kwa Muislamu kuchunguza kama sayari nyingine iliwahi kuwa na uhai? Si makosa. Suratul Anbiyaa, aya ya 30, inatufundisha kuwa asili ya kila chenye uhai ni maji. Wataalamu nao huanza kwa kutafuta maji.

Sisi wa Newala tunalielewa hilo. Huku juu mchanga hunyonya mvua, na mama zetu wameteremka mabondeni miaka mingi kufuata maji. Penye maji ndipo penye uhai.

Lakini si kila jiwe hutunza alama za viumbe. Milima ya mawe ya Masasi ilipikwa kwa joto kali chini ya ardhi. Humo hatutegemei kukuta mifupa. Tope linalotuama majini ndilo hufunika mfu, kisha likawa mwamba. Ndivyo ilivyokuwa Tendaguru, mkoa jirani wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapo mifupa ya dinosaria walioishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Wapagazi waliibeba hadi Lindi mjini, ikasafirishwa Berlin.

Sasa tuitazame Mirihi. Leo ni jangwa la baridi, lakini zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita mto ulimwaga maji ziwani, mahali paitwapo Jezero. Tarehe 18 Februari 2021 gari la Marekani lisilo na dereva, Perseverance, lilitua hapo. Halitafuti mifupa, bali alama za vijidudu. Julai 2024 lilitoboa jiwe lenye madoa kama ya chui. Ndani yake mna kaboni, na madini ya chuma ambayo hapa duniani mara nyingine hutokana na kazi ya vijidudu. Hata hivyo, madini hayo huweza kutokea bila uhai. Hivyo Septemba 2025 wataalamu walisema huenda ni dalili. Hawakusema wamepata uhai. Kipande kilichokatwa bado kiko hukohuko.

Hapa pana somo. Suratul Israa, aya ya 36, inatukataza kufuata tusilo na elimu nalo. Ukiambiwa barazani au kwenye simu kwamba viumbe wamepatikana Mirihi, uliza: ushahidi uko wapi? Ukiambiwa hawakuwepo kabisa, uliza vivyo hivyo.

Allah ndiye Mjuzi zaidi. Wabillahi tawfiq.