Kwa Nini Punda Ana Msalaba Mgongoni?

Katika mji wa Mandera, karibu na Mto Daua, punda huonekana kila siku wakivuta mikokoteni na kuchukua maji. Mtu akimtazama vizuri punda wa rangi ya kijivu, ataona mstari mweusi uanzao shingoni na kufuata uti wa mgongo mpaka mkiani. Mstari wa pili hukata mabega, kulia na kushoto. Mistari hiyo miwili ikutanapo hufanya alama ya msalaba. Watu wa zamani waliiona alama hiyo wakauliza imetoka wapi.

Wakristo wa Ulaya walikuwa na hadithi ya kujibu swali hilo. Yasemekana kwamba punda aliyempanda Bwana Yesu alipoingia Yerusalemu alimpenda bwana wake hata akamfuata mpaka Golgotha. Alipoona mateso yake hakuweza kuvumilia, akageuka asitazame. Lakini pia hakukubali kuondoka. Basi jua lilipokuwa likishuka, kivuli cha msalaba kilimwangukia mgongoni, na tangu siku ile hakikutoka. Hivyo alama ile huhesabiwa kuwa ni malipo ya uaminifu wake.

Yafaa kutenganisha hadithi na Maandiko. Injili zote nne zasimulia habari za mwana-punda aliyempeleka Yesu Yerusalemu, lakini hakuna hata moja isemayo neno juu ya kivuli kile. Kadhalika Biblia haimtaji punda katika safari ya Mariamu kwenda Bethlehemu, wala katika kukimbilia Misri, ijapokuwa wachoraji wamemchora mara nyingi. Mambo hayo yaliongezwa na watu, wazee wakiwasimulia watoto wao.

Hadithi za namna hii si za Wakristo peke yao. Waislamu, ambao ndio wengi katika Mandera, huijua habari ya buibui aliyetanda utando wake mlangoni mwa Pango la Thaur mwaka 622, Mtume Muhammad na Abubakar walipokuwa wamejificha ndani, hata maadui wakadhani hakuna aliyeingia. Wakristo nao husimulia kwamba buibui alifanya vivyo hivyo penye pango walimojificha Yusufu, Mariamu na Mtoto walipomkimbia Herode. Kwa sababu hiyo, watu wengi wa dini zote mbili huona vibaya kumwua buibui. Kwa habari ya punda, Kurani katika Sura ya An-Nahl yamtaja pamoja na farasi na nyumbu kuwa wameumbwa ili wapandwe na wawe pambo.

Wataalamu wa elimu ya wanyama wana maelezo mengine. Alama ya punda ni urithi kutoka kwa punda-mwitu wa Afrika. Punda-mwitu wa Nubia alikuwa na mstari mabegani, na yule wa Somalia ana milia miguuni kama punda milia. Uchunguzi wa urithi wa punda zaidi ya 200 kutoka nchi nyingi, uliotangazwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba punda walifugwa kwanza katika upande huu wa Afrika Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Basi msalaba ule ulikuwako mgongoni mwa punda maelfu ya miaka kabla ya Golgotha.

Kuna alama nyingine iliyo ya kale pia. Huko Abydos, Misri, wachimbuaji walikuta mifupa ya punda 10 waliozikwa kwa heshima karibu na kaburi la mfalme, yapata miaka 5,000 iliyopita. Mifupa yao ilionyesha dalili za kuchukua mizigo mizito. Walizikwa kama watu wakubwa, lakini walikuwa wametumikishwa kama punda.

Hapo ndipo hadithi ya msalaba ina faida hata kwa mtu asiyeiamini. Methali ya Waswahili husema, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Hadithi yasema kinyume: aliyebeba mzigo naye astahili kukumbukwa. Na kukumbukwa kwahitajiwa sana sasa. Biashara ya ngozi za punda, zitakiwazo China kwa kutengenezea dawa, ilisababisha punda wengi kuchinjwa na kuibwa katika Kenya baada ya mwaka 2016. Mwezi wa Februari 2024 Umoja wa Afrika uliazimia kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa muda wa miaka 15.

Lakini si wezi tu wamdhuruo punda. Mahali pale pale pa msalaba, yaani begani, ndipo shogi mbovu na kamba za mkokoteni hutoa vidonda. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, humhesabu mwenye kumpakia mnyama mzigo kupita kiasi kuwa ni mkosaji. Mwenye punda na aweke gunia safi au kitambaa kinene chini ya shogi, apunguze mzigo saa za jua kali, na ampe maji mnyama amchukuliaye maji. Punda mwenye kidonda apumzishwe mpaka kipone.